Mashavu Mazima

Yule mwanamke wa machinjioni waliyemwita Mama Muhuri hakuwa mama wa mtu. Mtoto hakupata. Mume alimpata, na yule mume akamchoka, akamrudisha mwenyewe kwao mchana kweupe, yeye mbele, mkoba wa nguo nyuma, majirani wamejipanga mlangoni kama wanaangalia gari la zimamoto. Hilo la zamani. Tangu siku ile alikaza roho akasema hakuna atakayemwona tena akirudishwa na mkoba. Akasomea kukagua nyama, akapewa koti jeupe na mabuti ya mpira, na jina alilopata huko likamtosha.

Muhuri wenyewe ni kidude cha shaba cha duara chenye mpini. Unakichovya kwenye wino wa buluu, unamgonga nacho ng'ombe aliyechinjwa, pajani na begani. Ikiwa na alama, nyama inakwenda buchani. Ikikosa, haiendi. Basi. Watu wanadhani mkaguzi ni mtu wa kusimama na koti safi na kuangalia. Kuangalia gani? Hata paka anaangalia. Mkaguzi ni kisu. Ng'ombe akiwa bado hai anatembezwa aonekane kama anachechemea au anatoa makamasi. Akishachinjwa na kuchunwa, kisu kinaingia. Ini linapasuliwa kutafuta minyoo. Mapafu yanabonyezwa, tezi zake zinachanwa. Moyo unafunguliwa kama chungwa. Na kichwa kinachanwa mashavu, huku na huku, ile minofu ya kutafunia, maana huko ndiko vinakopenda kukaa vifuko vya tegu, vidogo, vyeupe, kama punje za wali. Ukila nyama yenye vile ambayo haikuiva sawasawa, tegu anaota tumboni mwako mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, na habari zake utazipata chooni.

Kukata alijua, hilo asinyimwe. Wachunaji walikuwa wakisema Mama Muhuri akienda msibani, hata maiti anabana mashavu. Wenye bucha walimbembeleza, walimvisha kilemba cha ukoka, walimletea salamu za wake zao asiowajua. Yeye kisu tu. Wengine walilia. Alikuwa na jibu lake la kila siku, akilitoa bila hata kuinua kichwa:

"Mimi sioni machozi. Naona mashavu."

Hilo jibu alimpa pia mjane muuza mkaa. Huyu mjane alikuwa na ng'ombe mmoja, na alimlea kama mtoto, akimkatia majani kandokando ya barabara. Maziwa yalipokauka akaamua achinjwe, auze nyama, alipie watoto shule. Mama Muhuri akachana shavu, zikatoka punje. Akachana la pili, punje. Akaenda begani, akaenda moyoni, kumejaa. Zingekuwa chache angeipeleka nyama kwenye chumba cha baridi mpaka vile vidudu vife. Hizi zilikuwa zimejaa kama mtu amemwaga sinia la wali. Mjane akapiga magoti palepale kwenye damu na maji.

"Mwanangu, nionee huruma. Sina kingine nyumbani."

"Mama, inuka, unachafuka."

"Nipe hata mguu mmoja tu."

"Mimi sioni machozi. Naona mashavu."

Ng'ombe akaenda shimoni, mzima mzima, akamwagiwa mafuta ya taa asije mtu akamfukua. Mjane alisimama pale ukingoni mpaka wakamaliza. Na ilikuwa haki, kazi ndivyo inavyotaka. Mtu asije akasema Mama Muhuri alikosea siku ile. Siku ile alikuwa sawa kabisa, na ndiyo maana yaliyofuata hayana pa kujificha.

Sasa kulikuwa na mdogo wake. Mama yao alikufa mapema, huyu mkubwa akamlea mdogo, akamsuka, akampiga, akamnunulia viatu. Mdogo akakua mzuri wa sura lakini wachumba wakawa wanapita tu kama wanauliza njia. Wenzake wakaolewa, wakazaa, wakaanza kumwita shangazi kabla ya wakati. Mtaani wakasema nyumba ile ina mkosi wa waume. Mpaka akatokea mwenye bucha, mtu mnene, mcheshi, mdomo wake umelainika kwa mafuta anayouza. Akaoa. Wakapata binti. Mama Muhuri akawa na shemeji, na ng'ombe wa shemeji wakawa wanapita mbele ya kisu chake kila asubuhi.

Mkaguzi mwenye akili angemwambia bosi wake: huyu ni shemeji yangu, mwekeeni mtu mwingine. Yeye akaona aibu kusema. Akajiona yeye ni Mama Muhuri, nani atamwambia kitu?

Mwanzoni shemeji alilalamika kwa utani tu, mbele ya wachunaji.

"Shikamoo, shemeji mkubwa."

"Marahaba. Lete kichwa."

"Hicho hapo. Lakini shemeji, nikuulize. Kichwa changu cha jana ulikichana hivyo, ulikuwa umepoteza pete humo ndani? Wenye hoteli wamekikataa, wanasema kimepigana na chui."

"Waambie wenye hoteli waje wakague wao."

Wachunaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha ngozi.

"Haya, kisu chako, mkono wako," shemeji akasema. "Mimi nikifika nyumbani namwambia mdogo wako, samahani, mke wangu: leo umenyimwa mboga na dada yako."

Ukimsikiliza unaona ni mzaha. Hakuna siku yule mtu alimwambia usikate. Hakumpa hata kipande cha nyama kama rushwa. Alikuwa mjanja kuliko hivyo, au mjinga kuliko hivyo. Mpaka leo haijulikani. Alichofanya ni kununa nyumbani. Na mdogo mtu akaja.

Alikuja mchana, mtoto mgongoni, akakaa kwenye kiti cha jikoni kwa dada yake, akawa anachezea kifuniko cha sufuria.

"Dada, kwa wengine kata upendavyo. Kwake nenda taratibu kidogo."

"Taratibu ndiyo nini? Nimkate ng'ombe kwa kumbembeleza?"

"Akirudi amenuna, wewe hupo. Mimi ndiyo nanuniwa. Analala kaangalia ukuta."

"Aangalie. Ukuta haujamfanya kitu."

"Dada." Mdogo akaacha kifuniko. "Unajua nilivyokaa pale nyumbani. Unajua walivyokuwa wananiita. Usinirudishe na mkoba."

Hapo ndipo alipomshika. Mkoba. Mwanamke yule aliyekuwa haoni machozi ya mtu aliona mkoba wa nguo unatembea nyuma ya mdogo wake, na majirani wamejipanga, na roho ikamruka. Akasema, "Nenda nyumbani. Nimesikia."

Kesho yake kichwa cha shemeji kilipofika alichana shavu moja tu badala ya mawili. Kidogo, kwa ncha, kama mtu anayefungua bahasha asiyotaka ichanike. Wiki zilizofuata akaligusa tu kwa mgongo wa kisu. Baadaye hata kugusa hakugusa. Moyo alifungua, ini alipasua, mapafu alibonyeza. Mashavu na bega akaviacha. Akajiambia moyo ukiwa safi na mashavu ni safi. Uongo wa namna hiyo una ukweli nusu kijiko ndani yake, ndiyo maana unamezeka. Akagonga muhuri. Buluu ileile, duara lilelile, sawa na la ng'ombe aliyekatwa kila mahali.

Na alidhani hakuna anayeona! Kichwa kinaning'inia kwenye ndoano, vichwa vingine vyote vimechanika mashavu vinaning'inia kushoto na kulia kwake, hiki kimoja kimetulia katikati kama bwana harusi kwenye picha. Wachunaji wana macho. Wakakipa jina. Kila ng'ombe wa shemeji akifika mmoja anaita, "Leteni kichwa cha harusi!" na wengine wanajibu kwa vigelegele vya kiume, vile vya kukera. Mama Muhuri alicheka pamoja nao. Alicheka! Mtu aliyekuwa akiwanyamazisha kwa kuinua nyusi sasa anacheka utani unaomhusu, kwa sababu angeuliza "harusi ya nani?" angejibiwa.

Huko buchani mambo yakawa mazuri. Wenye hoteli waligombania vichwa vizuri vya shemeji. Mdogo mtu akanenepa, akanunua mapazia. Akiulizwa habari za nyumbani anasema, "Tumetulia." Dada akisikia neno hilo, tumetulia, alijiona amefanya jambo la maana.

Basi siku ya mapumziko wakamwita chakula cha mchana. Shemeji alikuwa amemletea mkewe shavu zima la ng'ombe, mnofu wa kupendeza. "La kwako hili, shemeji," alisema akimkaribisha, "sehemu ya heshima. Wewe ndiye unayetulinda." Mama Muhuri akaingia jikoni, akaketi kumchambulia mdogo wake mchele. Mtoto akapanda mapajani mwake, akaanza kuvuta vifungo vya blauzi.

"Mama mkubwa, kifungo."

"Ndiyo, kifungo. Usile."

Mdogo akaweka shavu kwenye ubao, akalikata katikati. Akalifungua. Akachekelea.

"Dada, hebu ona ng'ombe alivyonona! Mafuta mpaka ndani ya mnofu."

Mama Muhuri akaangalia. Hayakuwa mafuta. Mafuta yanakwenda kwa mistari, yanafuata nyama. Hizi zilikuwa punje, moja hapa, moja pale, kila moja kwenye kifuko chake cha maji, zimekaa kimya zinamtazama. Alizijua kuliko alivyojua sura ya mama yake.

Hapo alikuwa na nafasi. Jikoni walikuwa wawili na mtoto. Neno moja tu, na mdogo wake angepiga kelele, shemeji angekuja, yangeishia ndani ya familia. Mdogo alikuwa anamwangalia, anangoja asifiwe.

"Eeh," alisema. "Amenona."

Ndivyo alivyosema. Kwa mdomo wake.

"Lakini ipike sana."

"Kwani huwa nawapa mbichi?"

"Ipike sana, nimekwambia! Ichemke mpaka ichambuke."

"Dada na wewe, hata siku ya mapumziko uko kazini."

Ikachemshwa mpaka ikachambuka, maana moto unaviua vile vidudu, hilo alikuwa nalo hakika. Wakakaa mezani. Akawekewa vipande vikubwa. Akatafuna. Vilikuwa laini, vina chumvi ya kutosha, na yeye alikuwa anatafuna kama mtu anayetafuna kitambaa. Mtoto akalishwa na mama yake, kidogo kidogo, na Mama Muhuri alihesabu kila tonge kwa macho.

"Nyama iliyobaki ya huyu ng'ombe iko wapi?" aliuliza, akajifanya anatafuta chumvi.

"Buchani, kwenye jokofu," shemeji akasema. "Leo nimefunga. Kesho asubuhi inaondoka yote. Wachoma nyama wameshaweka oda ya bega. Wale wateja wao wanaipenda ikiwa bado ina damu kidogo."

Akacheka, akamwongezea mchuzi.

Usiku ule hakulala, lakini hilo tuliache. Kukosa usingizi si sifa, hata wezi wanakosa.

Asubuhi alitia kisu chake cha kazi kwenye pochi akaenda buchani. Msimsifu. Hakwenda kutubu. Njia nzima alikuwa anapanga uongo mwingine: atamwita shemeji pembeni, waseme jokofu limeharibika, nyama imelala vibaya, itolewe kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Hakuna atakayejua. Mdogo atabaki na mapazia yake.

Alipofika, foleni ilikuwa imeshatoka nje mpaka barabarani. Shemeji yuko nyuma ya kaunta na shoka lake, jasho linamtoka, anapiga soga. Bega lenye duara la buluu linaning'inia juu ya kichwa chake, limeshaanza kupunguzwa. Na mtu aliyekuwa anapokea kifurushi chake cha gazeti wakati ule alikuwa yule mjane muuza mkaa.

Mjane akamwona. Mama Muhuri alitaka kuangalia pembeni, hakukuwa na pembeni.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huwa siji huku, ni mbali kwangu. Nina mgonjwa nyumbani, anataka nyama ya kubanika, kidogo tu iguse moto, ndiyo anayoiweza. Nikapita bucha ya kwanza, nikaona nyama ya kichochoroni, haina alama yako. Nikasema la, nitatembea." Akakipiga kifurushi kwa kiganja chenye vumbi la mkaa. "Nilikuchukia, usidhani sikukuchukia. Siku ile nilikulaani mpaka mate yakaniishia. Lakini nikasema moyoni, yule mwanamke akisema nyama ni nzima, basi ni nzima. Siogopi kuila."

Watu wa foleni wakaitikia, eeh, kweli, Mama Muhuri hana mchezo. Mzee mmoja akasema, "Huyu hata baba yake angemkatalia."

Shemeji akatabasamu nyuma ya kaunta. "Mnamwona shemeji yangu? Mpisheni, mpisheni apite."

Wakampisha. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema jokofu limeharibika. Alifungua mdomo na jokofu halikutoka.

"Mama," alimwambia mjane, "rudisha hiyo nyama."

"Nirudishe nini?"

"Hiyo. Usiipike. Usimpe mgonjwa."

Shemeji akaweka shoka chini, akainama juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini lakini meno yote nje, "Shemeji, njoo huku nyuma tuongee."

"Siji nyuma."

"Una wazimu? Muhuri wako huo hapo, wote wanauona!"

"Muhuri niliugonga," alisema. "Mashavu sikukata. Wala bega."

"Unasemaje?"

"Sikumkata huyu ng'ombe. Wako wote, shemeji, muda mrefu sasa, sijawakata."

Akazunguka kaunta, akatoa kisu kwenye pochi, akapasua bega lile palepale linaponing'inia. Mkono ulikuwa unaijua kazi. Nyama ikafunguka, na punje zikaonekana, si nyingi, lakini za kutosha mtu wa tatu kwenye foleni kuziona na kusema, "Yesu! Ni nini hivyo?"

Hapo ndipo watu walipopata midomo.

"Mimi nimekula hapa mwezi mzima!"

"Kumbe muhuri wenyewe wa shemeji!"

"Na lile koti jeupe, afadhali alifanye pazia!"

"Mwenzangu, ndiyo maana mume wangu tumbo halimwishi!"

Mwanamke mmoja akamtupia kifurushi, kikampiga kifuani, kikaanguka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye gogo la kukatia nyama, uso umemshuka, anasema tu, "Ameniua. Ameniua huyu." Mama Muhuri alisimama na kisu chini ya lile bega lililofunguka, na shingo yake ilikuwa imewaka kama mtu aliyechapwa hadharani.

Mjane peke yake hakupiga kelele. Aliweka kifurushi chake kwenye kaunta, polepole, akakinyoosha gazeti. Akauliza, wala hakuuliza kwa hasira:

"Na wangu?"

Mama Muhuri akashindwa kumtazama.

"Wako nilimkata, mama."

"Wangu ulimkata."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei. Akageuka, akaondoka, mkono mtupu, na foleni ikamfungulia njia.

Nyama ya bucha nzima ikaenda shimoni. Ofisi ikamnyang'anya muhuri siku hiyohiyo. Bucha ilifungwa kwa muda, na ilipofunguliwa tena shemeji alikuwa anauza mbao. Mtoto akapelekwa kupimwa, akakutwa hana kitu, bahati yao.

Na ile habari ya mkoba? Haikutokea. Yule mwanamume alinuna, akaangalia ukuta, kisha ukuta ukamchosha akageuka. Hakumwacha mkewe. Hakuwahi hata kufikiria kumwacha. Hofu yote ile, vichwa vyote vile vya harusi, vilikuwa kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa kichwani mwa dada mtu peke yake. Mdogo ndiye hakuja tena. Hakugombana, aliacha tu kuja, na wakikutana njiani anasema, "Dada, nina haraka."

Ofisini hawakumfukuza kazi Mama Muhuri, walimtafutia ya kumtosha. Walimpa chupa ya dawa ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, azunguke nyumba kwa nyumba akitia kuku matone machoni. Anazunguka mpaka leo. Kuna nyumba wanamfungulia, kuna nyumba wanasema kuku wametoka kutembea.

Siku moja akafika uani kwa mjane muuza mkaa. Angeweza kuiruka nyumba ile. Alisimama mlangoni muda, akabisha. Mjane akatoka, akamtambua, hakusema karibu wala hakusema ondoka. Alikuwa amefuga kuku siku hizi, wachache, wanachakura kwenye majivu. Akamkamata wa kwanza, akambana kwapani, akamshika kichwa kikageuka upande.

Mama Muhuri akafungua chupa.

"Ngoja," mjane akasema. Akamsogeza kuku kwenye mwanga, akainama mwenyewe mpaka uso wake ukakaribia kugusa jicho la kuku. "Haya. Tia nikiona."

Akatia. Tone likaanguka, kuku akapepesa jicho. Mjane akangoja mpaka alipopepesa tena, akamwachia, akaenda kumkamata wa pili.

"Na huyu. Tia nikiona."